Bega kwanza, bei baadaye

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi, tangu lilipokuwa likiletwa ofisini asubuhi na tarishi, mabosi wakishalimaliza ndipo linatufikia sisi wa masjala, kurasa za nafasi za kazi zimeshachanwa. Sijawahi kuandika. Aliyenitoa kwenye kochi ni mwandishi wenu wa safu ya Jumamosi, aliyewaasa vijana wanaoanza kazi wasijidhalilishe kwa mitumba. Kwa maoni yake, afadhali wanunue nguo chache za dukani, hata kwa mkopo, kwa sababu mwonekano ni mtaji. Juu ya makala kuna picha yake: amefumbata mikono kifuani, kavaa koti jeusi. Picha hiyo nitairudia.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka 27 nimepanga mafaili hapa Dar es Salaam, na mshahara wa masjala kila mtu anaujua. Nimesomesha watoto watatu. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza kama nguo niliyovaa ni ya mtumba. Walichokuwa wakiniuliza ni fundi wangu anapatikana wapi.

Naandika kwa sababu ya binti wa mdogo wangu, anayeniita mama mkubwa. Mwezi Januari alipata kazi ya kaunta katika ofisi moja mjini, miezi sita ya majaribio. Siku ya tatu mkuu wake akamwita pembeni, akamwambia avae kiofisi. Mtoto wa watu akafanya kile hasa ambacho safu yenu inashauri. Alikopa shilingi 300,000 kwa simu, akaingia duka lenye kioo na kiyoyozi, akatoka na magauni mawili, koti moja na viatu vya kisigino. Gauni la kwanza lilifumuka ubavuni kabla hata rejesho la kwanza halijafika. Alipochelewa siku nne kulipa, waliomkopesha wakaanza kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yake: mimi, shemeji yake, na mwalimu wa kwaya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hao walikuwa hawajaona bado nguo ya kukopea.

Basi nikamwambia, deni utalilipa taratibu, lakini Jumamosi tunakwenda Karume, soko la mitumba, na mfukoni utakuwa na elfu sitini tu. Akanuna. Kizazi chao kinanunua mtumba kwenye simu, umeshapigwa picha na kupakwa manukato, kwa bei mara tatu.

Ijumaa usiku, kabla ya yote, nilimwambia amwage kabati lake lote kitandani. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanakwenda sokoni kutafuta nguo nzuri. Karume nguo nzuri hazihesabiki, utarudi na mfuko umejaa na Jumatatu huna cha kuvaa. Kitandani kulikuwa na fulana 11, jinzi nne, madera, vitenge vya harusi za watu vilivyoshonwa sare, na hakuna suruali hata moja ya kitambaa. Tukaandika kwenye karatasi kinachokosekana: suruali mbili, sketi moja, blauzi nne, koti, gauni moja la kuvaa siku ya kikao. Rangi tukazifunga mapema. Chini iwe nyeusi, kijivu au bluu iliyoiva, juu iwe nyeupe, maziwa, au rangi moja anayoipenda, naye akachagua kijani cha chupa. Chochote kisichokubaliana na vitu vitatu vilivyomo kwenye orodha, hata kama kinauzwa mia tano, tunakiacha.

Nikampima kwa futi ya fundi: bega inchi 16, kiuno 28, nyonga 39. Vipimo hivyo tukavifungia mafundo kwenye uzi, uzi ukaingia mfukoni. Namba za kwenye lebo zisikudanganye. Gauni la Uingereza lililoandikwa 12 ni lile lile ambalo Mmarekani anaandika 8 na Mjerumani 38, na Mtaliano ataandika 44. Zaidi ya hapo, nguo imeshavaliwa na kufuliwa, huenda ilisinyaa, huenda ilivutika. Uzi wenye mafundo hausomi lebo. Kuna wanaozungushia kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana wanasema imewatosha. Kwa msichana mwembamba inakaribia ukweli. Mimi shingo yangu ilibaki kwenye usichana, kiuno kikaenda zake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulishafika. Soko lile mtakumbuka liliungua Januari 2022, likabaki majivu na mabati yaliyokunjamana, nami nililia kama nimefiwa, maana wauzaji wangu wawili walipoteza kila kitu. Leo ukipita pale utadhani halijawahi kuguswa na moto: vibanda vimebanana, nguo zimetundikwa hadi juu ya kichwa. Vijana walipomwona binti wakaanza kuniita mama mkwe. Mama mkwe karibu, mama mkwe chagua, mama mkwe usiondoke na hasira. Nimezoea. Mwenzangu aliona aibu mpaka kwenye kibanda cha tatu.

Nitaeleza kwa nini tulikwenda alfajiri, maana wengi wanadhani ni ushamba. Mfanyabiashara ananunua balo limefungwa kwa mikanda, mara nyingi la kilo 45 hivi, na ndani hajaona. Akilifungua anachambua. Zile nzuri zinakwenda kwenye henga kwa bei ya juu, kwa sababu ndizo zitakazorudisha mtaji. Zinazofuata anazipanga mezani. Zilizobaki zinamwagwa chini, na huko ndiko utasikia buku buku, yaani elfu moja moja, chagua mwenyewe. Mtaji ukisharudi, kila shilingi inayoingia ni faida, ndiyo maana jioni anakuwa mpole. Kwa hiyo koti na suruali, vitu vinavyobeba sura yako, vinunue asubuhi kwenye henga na usibishane sana. Blauzi zisubiri saa tisa, uzitafute chini. Sisi tulifanya hivyo, katikati tukapumzika kwa chapati na chai ya rangi.

Unapokwenda, vaa sketi pana na fulana inayobana, ili ujaribu nguo hapo hapo bila kutafuta kichochoro. Mfuko mwepesi, pesa ndogondogo, na usivae vizuri. Nilipokuwa kazini nilikuwa napita jioni nimevaa kiofisi, na bei ilikuwa inanisalimia kabla ya muuzaji.

Sasa nguo yenyewe. Mimi nikiishika naanza na bega. Mshono wa bega ukae pale mfupa unapoishia, usining'inie kwenye mkono wala usipande shingoni. Kiuno kinapunguzwa, urefu unapunguzwa, ubavu unapunguzwa, lakini bega likikosea, fundi itabidi afumue mkono, kola na bitana, na kwa gharama hiyo ungenunua nguo nyingine. Bega likikubali ndipo naiinua kwenye jua na kutazama kwapani, kolani na katikati ya miguu, kwa sababu nguo inachakaa pale mwili unapotoka jasho na kusuguana. Zipu naipandisha na kuishusha mara mbili. Kitambaa nakivuta kwa vidole viwili nione kama kinarudi. Kisha naifinya kiganjani kwa nguvu, nahesabu hadi kumi, naiachia: ikibaki na makunyanzi kama uso wa mzee, ujue umeme ukikatika huwezi kuivaa.

Lebo ikiwa imekatwa na hujui ni pamba au poliesta, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo na uuchome nje ya kibanda. Nasema nje. Soko lililoungua halitaki utani na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa jua la hapa mjini kidonge hicho ni habari mbaya.

Binti ni mrefu, mabega mapana, nyonga nyembamba. Alikuwa anakimbilia makoti yenye sponji begani kwa sababu ameyaona kwenye simu. Nikamvalisha moja mbele ya kioo cha muuzaji: alikuwa kama mlinzi wa mlango wa ukumbi. Tukatafuta lisilo na sponji, lenye kola nyembamba, linaloishia kwenye mfupa wa nyonga. Mimi mfupi, mwili wote umeteremkia chini, koti kama lile lingenikata katikati kama mkate. Langu linaishia kiunoni, na sketi yangu inaishia pale goti linapoanza, haivuki hata inchi, maana ikifika katikati ya muundi navaa gunia. Nikitaka kuonekana mrefu navaa juu na chini rangi moja, shingo ya blauzi iwe ya ncha. Mambo haya hayasemwi na bei ya nguo. Anayajua mtu aliyejitazama kwenye kioo bila kujidanganya, na kioo cha Karume, pamoja na ufa wake, hakisifii mtu.

Tuliyonunua ni haya. Koti la bluu iliyoiva, 9,000. Suruali nyeusi 5,000 na ya kijivu 4,000. Sketi ya bluu 4,000. Blauzi nne, jumla 9,500. Gauni la kijani cha chupa 6,000, na hilo tulilipata chini kwenye rundo saa kumi jioni, bitana nzima, mshono wa ndani umefunikwa kote. Jumla 37,500.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwa fundi wangu wa Tabata, na hapa nataka wasomaji waniangalie usoni. Mtumba bila fundi cherehani ni nusu ya nguo. Wengi mnaowaona wamevaa mitumba wakaonekana wametupiwa, tatizo lao si mtumba, ni elfu mbili ambayo hawakumpelekea fundi. Huyu wangu ana cherehani ya kukanyaga kwa miguu chini ya mwembe, na kauli yake haijabadilika tangu nimfahamu: mama, ikipwaya nitakata, ikibana nitaongeza nini, ngozi yako? Ndiyo maana siku zote nanunua kubwa kidogo. Suruali za kiume ana upole nazo, kwa sababu mara nyingi zinaachiwa kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma, unaweza kupata hata inchi nzima. Koti analigeuza kwanza mkononi kuangalia vifungo vya kiganjani. Vikiwa vya pambo tu, visivyo na matundu, mkono unafupishwa kwa dakika chache. Vikiwa na matundu ya kweli, anatikisa kichwa.

Alitutoza 3,000 kwa mikono ya koti, 2,000 kwa kila kiuno cha suruali, 1,000 kwa pindo la sketi na 2,000 kubana gauni. Elfu kumi. Tukaongeza vifungo sita vya rangi ya pembe vya 1,500 tukabadilisha vile vya plastiki vilivyokuwa kwenye koti, na niamini, vifungo ndivyo vilivyomfanya mkuu wake aulize bei. Zikabaki 11,000. Elfu nane zilikwenda kwenye nguo za ndani, mpya, za dukani. Za mtumba TBS, shirika letu la viwango, imezipiga marufuku, na hata isingezipiga marufuku, kuna mambo mtu hasubiri kuambiwa na serikali. Elfu tatu tulikula chipsi.

Hesabu ya karatasini inapendeza: blauzi nne kwa nguo tatu za chini ni mitindo 12, kila mmoja na koti au bila koti ni 24, weka na gauni. Lakini mimi si muuzaji wa hesabu za karatasini. Blauzi moja yenye maua ilikataa kabisa kukaa na suruali ya kijivu. Nyingine, ile ya maziwa, ilitushinda. Ilikuwa laini, inateleza kama hariri, sote wawili tukalewa, mimi nikasahau kuchoma uzi. Saa nne asubuhi ya Jumatatu ilikuwa imemganda mgongoni kama plasta, na kwapani kulikuwa na ramani. Sasa anaivaa ndani ya koti siku za mvua tu.

Na kosa langu mwenyewe kubwa kuliko hilo, nilitaje nisije nikaonekana mjuaji. Mwaka mmoja nilinunua koti refu la sufu, jeusi, la Kiitaliano, bitana ya zambarau, kwa bei ya sahani ya pilau. Halikuwa na doa. Nililifua, nikalipiga pasi, nikalitundika, na kila Julai nikawa nalijaribu mbele ya kioo natoka jasho. Lilikaa kabatini miaka sita. Mwishowe nikalituma kwa basi Njombe kwa wifi yangu, na ananiambia hakuna mtu pale kanisani mwenye koti kama lile. Rahisi ya nguo usiyoivaa ni ghali.

Kuhusu kudhalilika. Mimi nimezaliwa 1968, mwaka ambao kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi kwa msaada wa Wachina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa msichana, na vitambaa vilikuwa havipatikani. Mama alikuwa akipanga foleni dukani bila kujua foleni ni ya nini, na viraka vya sketi yangu ya shule vilikuwa na viraka. Nguo za aina hii tuliziita kafa Ulaya. Tuliamini mwenyewe amekufa huko, na bibi alizifua kwa chumvi na majani ili marehemu asije kuzidai. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile, zikajaa mitaani, na mimi nikavaa sweta la kwanza lisilo na kiraka. Mtu aseme chochote kuhusu mtumba, neno kudhalilika halimo kwenye kumbukumbu yangu. Nilichokiona nilipoivaa ile sweta ni mama amekaa kizingitini anacheka.

Najua nitajibiwa kwamba mitumba imeua viwanda. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuisitisha taratibu; Wamarekani wakakunja uso na kutishia kutufungia AGOA, mpango wao wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, sisi na majirani tukarudi nyuma, Rwanda peke yao wakashikilia na ushuru wao wa dola 2.50 kwa kilo, wakapoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru mwaka 2018. Mambo hayo yana wenyewe wa kuyaamua. Lakini mwandishi wenu hakumshauri kijana anunue kitambaa cha nyumbani akashone. Alimpeleka kwenye duka la vioo, ambako lile gauni lililofumuka lilikuwa na lebo ya nchi ya mbali kama mtumba ulivyo. Ijumaa binti anavaa sketi ya kitenge, mojawapo ya zile sare za harusi, ambayo fundi ameikata na kuifanya nyembamba, pamoja na blauzi nyeupe ya buku mbili. Hiyo ndiyo wenzake wanayoipiga picha.

Deni lake litakwisha mwezi wa nane. Mwalimu wa kwaya bado anamtazama kwa jicho la pembeni.

Nimesema nitarudi kwenye picha. Mhariri, mfikishie salamu zangu mwandishi wako. Koti lake ni zuri, kitambaa kizuri, halikosi limetoka dukani. Ila mshono wa bega umeshuka inchi nzima kwenye mkono, hapo hatuna la kufanya. Mikono nayo imemfunika mpaka vifundo vya vidole, na hiyo inarekebishika, nimeangalia kwa miwani: vifungo vya kiganjani ni vya pambo tu. Aje Tabata na elfu tatu. Fundi yupo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.

Karani mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam